Pekupeku avaa gambuti

Jua limeshavuka paa la nyumba na sasa linaupiga ukuta wa nyuma bila huruma. Mzee mmoja mwenye gambuti nyeusi amesimama pembeni ya uwanja wa nyasi, mkono mmoja kiunoni, mwingine ameunyoosha mbele kama askari wa barabarani. Katikati ya uwanja anatembea mke wake, kandambili mkononi, gauni kalikunja hadi magotini, miguu mitupu.

"Hapo vipi?" anauliza mzee.

"Hapo nyasi."

"Najua ni nyasi, mama. Chini ya nyasi kuna nini?"

"Udongo."

Mzee anafumba macho kidogo, kama mtu anayemeza kidonge kichungu. Barazani, mwenye nyumba, mkunga mstaafu mwenye mwili wa kutosha watu wawili, anaficha kicheko nyuma ya kikombe cha chai ambacho kimekwisha zamani.

Mzee huyu ni fundi wa kupanga maji ya bustani za majumbani. Ndiye anayeamua bomba lipite wapi chini ya ardhi, springla, yaani vile vichwa vidogo vinavyorusha maji, zisimame wapi, na kila upande wa nyasi unywe kiasi gani. Ameifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini, na kote alikopita wanamwita Pekupeku. Jina alilopewa na wazazi lipo, lakini ukimwita kwalo hageuki. Anadhani unamtafuta mtu mwingine.

Leo hakuja kwa kazi mpya. Amerudi kusahihisha. Nyasi za bustani hii zimenona zote, isipokuwa ukanda ulio kando ya ukuta wa nyuma, ambao umekauka hadi umekuwa na rangi ya gunia. Mkunga amesema bila kuzunguka: ukanda ule usipopona safari hii, ataita fundi mwingine. Na Pekupeku anajua kwamba fundi aliyeharibu bustani mbili mfululizo hana sababu ya kuendelea kuchaji simu.

"Akija mwingine hapa, mimi basi tena," anasema, akijifuta jasho kwa kofia. "Nitabaki nyumbani namwangalia mama anapiga pasi, mpaka mmoja wetu ahame."

"Na nyumba nimepanga mimi," anajibu mkewe kutoka katikati ya uwanja. Masikio yake hayana tatizo lolote.

Aliyemwingiza kwenye kazi hii alikuwa mjomba wake, fundi bomba asiyependa maneno. Siku ya kwanza walifika kwenye nyumba ya watu, mjomba akavua viatu, akaanza kuzunguka uwanja polepole, kichwa chini.

"Alivua, nami nikavua. Alitembea, nami nikatembea nyuma yake," anakumbuka Pekupeku. "Nilidhani anatafuta pete iliyopotea. Mpaka jioni nami naitafuta."

Ilimchukua muda kuelewa kwamba mjomba alikuwa akiisikiliza ardhi kwa nyayo. Mafundi wengine huanza na futi ya kupimia. Yeye futi aliitoa mfukoni mwisho kabisa, baada ya miguu kumaliza maongezi yake.

Udongo wa kichanga, anaeleza Pekupeku, unabonyea chini ya kisigino na kurudi upesi, na huo hunywa maji mara moja ukabaki na kiu. Udongo wa mfinyanzi hushika unyayo na kuuachia shingo upande. Huo hunywa taratibu, na ukiulazimisha unatema. Palipozikwa kifusi na mafundi wa ujenzi, juu kunapendeza lakini chini pana ugumu unaogonga mfupa. Nyasi za mahali hapo hufa kila mwaka na mwenye nyumba humlaumu mbwa.

Akishazunguka, mjomba alikuwa akienda kwenye bomba na ndoo. Hakufanya hesabu za kalamu. Bomba likijaza ndoo kabla hujamaliza kufunga kamba za kiatu kimoja, lina nguvu ya kubeba springla nne kwa pamoja. Likikupa nafasi ya kufunga na cha pili, weka mbili, na usiwe na tamaa. Ajabu ni kwamba mwalimu wa hesabu hiyo hakuwa akivaa viatu. Alikuwa akifunga kamba za viatu vya mwenye nyumba.

Baada ya hapo ndipo alipochora, juu ya karatasi ya mfuko wa saruji iliyokung'utwa. Kila springla sharti irushe maji hadi miguuni mwa mwenzake, la sivyo katikati panabaki kipara. Na upande wenye kiu huwekewa koki yake peke yake, usije ukachanganywa na upande ulioshiba.

"Ni kama kulisha watoto na wazee sahani moja," anasema. "Mmoja atavimbiwa, mmoja atalala njaa."

Si kazi ya utajiri. Mwezi mzuri hupata bustani mbili. Mwezi mbaya hupata salamu. Kinachoiweka nyumba sawa ni pasi ya mkewe, ambaye hunyoosha nguo za watu katika chumba cha mbele kati ya vyumba viwili wanavyoishi. Meza ya pasi imekaa mahali ambapo watu wengine wangeweka kochi. Mgeni akija hukaa kitandani, katikati ya mashati ya wenyewe, na huambiwa asiegemee.

Kisukari, Pekupeku aliambiwa anacho miaka kadhaa iliyopita. Dawa alimeza alipokumbuka, na alikumbuka zaidi siku moja kabla ya kwenda kliniki. Ganzi ilianza kwenye vidole, ikasambaa taratibu hadi unyayo mzima.

"Nilihisi kama nimevaa soksi," anasema. "Nikitazama, sijavaa."

Mkewe ndiye aliyegundua kwanza, ingawa hakujua amegundua nini. Jioni moja mzee aliingia ndani akiwa na kandambili mguu mmoja.

"Nikamwuliza, baba, nyingine iko wapi? Akaangalia chini, akashangaa kuliko mimi," anasimulia huku akitikisa kichwa. "Wenzake wa umri wake wanapoteza miwani. Huyu kapoteza kiatu alichokivaa."

Waliitafuta njia nzima, wakaikuta mbele ya duka, watoto wanaipigia mpira. Mzee akasema imekatika. Haikuwa imekatika.

Alificha. Hakumwambia mkewe, hakumwambia nesi wa kliniki, na zaidi ya yote hakuwaambia wenye bustani. Nani angempa kazi Pekupeku asiye na nyayo? Aliendelea kuvua viatu kama kawaida na kuzunguka viwanja vya watu, akiitikia kwa kichwa ili aonekane anasikia jambo.

"Nilikuwa kama mtu aliyeweka sikio kwenye redio isiyo na betri," anakiri. "Naitikia tu."

Bustani iliyomwumbua ilikuwa ya fundi cherehani mmoja. Chini ya kona moja ya uwanja kulikuwa na karo la zamani la maji machafu lililofukiwa, na udongo wake ulikuwa umelowa mwaka mzima. Pekupeku wa zamani angepahisi kabla hajapafikia. Huyu alipita juu yake mara kadhaa, akaitikia kwa kichwa, akaweka springla mbili.

Kona ikageuka tope lililofunikwa na nyasi nzuri. Hakuna aliyejua mpaka siku fundi cherehani alipowakaribisha wakwe zake, akawapangia viti vya plastiki nje.

"Mkwe wangu alikuwa anaongea, tena anaongea kwa madaha," anasema fundi cherehani. "Mara naona viatu vyake viko juu. Kiti kimezama miguu ya nyuma, yeye anaangalia mawingu, na bado anaongea. Mpaka leo hajarudi hapa. Sasa sijui nimlaumu fundi au nimshukuru."

Pekupeku alirudi akafukua na kupanga upya kwa gharama yake. Lakini habari ya kiti ilikuwa tamu, na habari tamu haikai nyumba moja. Simu yake ikanyamaza.

Mkunga mstaafu alimpigia kwa sababu moja tu: habari ya kiti ilikuwa haijamfikia.

Mama huyu amezeeka na mgongo usiotaka kuinama wala kuvuta mpira wa maji. Alitaka nyasi zake zijinyweshe zenyewe, kwa ile saa inayofungua na kufunga maji bila mtu kuamka. Alipoulizwa ni za nini, hakuona haya.

"Nimesimama maisha yangu yote nikiwaambia wenzangu walale chini," alisema. "Sasa nataka na mimi nilale chini. Tena kwenye nyasi, na mtu asiniambie nisukume."

Pekupeku alivua viatu akaanza kuzunguka. Kando ya ukuta wa nyuma kulikuwa na reki ya zamani iliyovunjika, meno juu, imemezwa na nyasi. Akaikanyaga, akapita. Akazunguka uwanja mzima, akaitikia kwa kichwa hapa na pale, akarudi barazani kutoa maoni yake.

Mkunga hakuwa akimwangalia usoni. Alikuwa akiangalia alama nyekundu alizoziacha kwenye saruji ya baraza.

"Baba, kaa."

"Nimesimama tu, mama, hamna shida. Udongo wako mzuri, upande wa kule unaonekana..."

"Kaa chini."

Akakaa. Mama akaleta beseni na maji, akauinua ule mguu, akachomoa jino la reki ambalo lilikuwa bado limo. Mzee alikuwa anatazama ndege juu ya waya.

"Tangu lini?" akauliza mkunga.

"Tangu lini nini, mama?"

"Usinichezee. Mimi nimezalisha wanawake waliokuwa wananiapia kwamba hawana mimba."

Ndipo alipomwambia. Mtu wa kwanza kumwambia, na hata si ndugu yake. Anasema alipomaliza alijisikia amechoka sana, uchovu wa miaka yote ukamwangukia kwa pamoja pale kwenye ngazi za watu, mguu ukiwa kwenye beseni.

Mkunga hakumwonea huruma kwa sauti. Alimfunga kitambaa, akamtafutia gari la kwenda hospitali, akampigia simu mkewe na kumweleza kila kitu. Kuhusu bustani akasema maneno machache.

"Nitakusubiri mpaka joto lianze. Lakini pekupeku kwenye uwanja wangu hukanyagi tena. Nyasi nikizikata zinaota. Mguu wako hautaota."

Kidonda kilikuwa kikaidi. Siku zilipita amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mguu juu ya mto, akiangalia mvuke wa pasi ukipanda na kupotea darini. Mwishowe madaktari walimkata kidole kimoja, kile cha pembeni kabisa. Mwenyewe anasema hakikuwa na kazi kubwa. Mkewe anasema usiku ule mzee alilia, na ameomba liandikwe, kwa kuwa wanaume wa aina yake husoma magazeti na kudhani ni wao peke yao.

Akapewa sharti: viatu vya kufunika mguu, siku zote, hata kwenda bafuni. Ndipo gambuti zilipoingia. Kila mara huzivua na kuzikung'uta, kwa kuwa kokoto ikiingia hana namna ya kujua. Mkewe humkagua nyayo asubuhi na jioni kwa kioo kidogo cha kujipodolea.

"Sijawahi kuangaliwa hivi hata tulipokuwa wachumba," anasema mzee.

"Tulipokuwa wachumba nilianzia juu," anasema mkewe. "Ningeanzia chini ningekuona unavyokanyaga hovyo."

Joto lilipokaribia, mzee alikuwa bado hajajua atafanya nini. Kuchora alikuwa anaweza. Mtaro alikuwa anaweza kuchimba, pole pole. Lakini kupanga maji bila kwanza kuisikia ardhi, hakujua aanzie wapi. Siku moja mchana, mkewe akiwa juu ya rundo la suruali, akajikohoza.

"Mama."

"Sema."

"Niazime miguu."

"Miguu gani?"

"Hiyo."

Mkewe akaisimamisha pasi. "Hii hapa imesimama na suruali za watu tangu asubuhi. Jioni ikifika siijui kama ni yangu. Leo nawe unaitaka?"

"Kwa mkunga tu. Uwanja mmoja."

Alifikiria mpaka pasi ikaanza kutoa harufu. Kisha akakubali, kwa masharti. Asifokewe mbele za watu, na asiulizwe swali moja mara tatu. Akifokewa, anavaa kandambili na kurudi kwenye suruali, ambazo angalau hazina mdomo.

Walikwenda asubuhi. Mkewe akazunguka mara moja, akijibu maswali. Hapa pananepa. Hapa pagumu. Alipofika kando ya ukuta wa nyuma akasema: "Hapa pana baridi, baba. Kama sakafu ya bafu."

Mzee akasikia neno baridi, na baridi kwake ni maji. Alikuwa anajiogopa bado, na kona ya fundi cherehani ilikuwa haijamtoka kichwani. Akaamua ukanda ule umeshiba. Akauwekea springla moja ndogo, yenye koki yake, inywe kidogo tu. Walipomaliza kuzunguka hakuomba arudie. Mguu ulikuwa umeanza kuvimba ndani ya gambuti, naye alitaka kukaa.

Mabomba yakalazwa, mitaro ikafukiwa. Bustani ikastawi. Ukanda wa ukutani ukafa.

Sababu ilionekana siku mkunga alipokaa nje mchana badala ya asubuhi. Ukuta ule asubuhi hutupa kivuli, na pale chini panakuwa baridi kama mke wa fundi alivyosema. Jua likishavuka paa, ukuta unalipokea lote na kulirudisha chini, na pale pale panakuwa mahali pakavu kuliko pote. Mke wa fundi alihisi ubaridi wa kivuli. Maji hayakuwepo.

Leo, kabla ya kuingia, waligombana getini kwa sauti ya chini, ile ambayo watu waliooana siku nyingi hudhani haisikiki.

"Ungeniambia kuna kivuli," alisema mzee.

"Una macho! Kilichokufa ni miguu!"

"Nilikuwa nachora."

"Ulikuwa umechoka, sema umechoka. Mimi nami nimechoka. Ila umenileta asubuhi, nikakupa habari za asubuhi. Ulitaka habari za mchana, ungenileta mchana."

Hapo mzee akakumbuka jambo. Mjomba alikuwa akizunguka kila uwanja mara mbili. Mara ya kwanza asubuhi, mara ya pili mchana, wakishakula.

"Na mimi nimefanya hivyo miaka yote, mara mbili, sijawahi kuacha," anasema, akiangalia gambuti zake. "Lakini sikuwahi kujiuliza ni ya nini. Mimi nilidhani ile ya pili ni ya kushusha chakula."

Kwa hiyo, siku aliyochoka, ile ya pili ndiyo aliyoiacha.

Sasa mkewe anaukaribia ukanda wa ukutani. Barazani mkunga ameshaweka kikombe chini. Mkewe anaweka unyayo mmoja kwenye nyasi kavu, anaruka nyuma.

"Uwi! Panaunguza!"

"Panaunguza juu, au na ndani?"

"Mzee, mtu anaungua nawe unauliza vyumba?"

"Nakuomba, mama. Juu, au na ndani?"

Hamfokei. Anamwomba kweli, na mkewe anasikia kwamba anaombwa. Anarudisha mguu, safari hii anaubakiza, uso umekunjamana. Anabonyeza kisigino, anakigeuza.

"Juu moto. Ndani pakavu, panavurugika kama unga. Hapana hata dalili ya maji."

"Mpaka wapi?"

Anatembea kando ya ukuta, hatua za kurukaruka, akichomeka kijiti kila anapoona joto linapungua. Mzee alitegemea vijiti viishie ukuta unapoishia. Haviishii hapo. Vinapinda na kufuata njia ya saruji inayokwenda getini, ambayo nayo hupokea jua na kulitema pembeni.

"Huku pia?" anauliza mzee.

"Huku pia. Njoo uguse mwenyewe kama huniamini." Kisha anakumbuka, anaangalia pembeni. "Uguse kwa mkono, namaanisha."

Mzee anapiga magoti kwa shida na kuweka kiganja chini. Anakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Wanachimba taratibu. Mzee anapiga sururu kidogo, anapumzika, anavua gambuti, anazikung'uta, anaendelea. Mkewe anazoa udongo kwa koleo. Mkunga anatoa amri kutoka barazani kuhusu mgongo na namna ya kupiga magoti, ingawa hakuna aliyemwuliza. Springla ndogo inang'olewa. Mahali pake zinawekwa tatu za nusu duara, zinazoupa ukuta mgongo na kurusha maji mbele tu, na nyingine mbili kufuata njia ya saruji. Zote kwenye ile koki yao wenyewe, ambayo sasa itafunguka kabla ya jua kuchomoza na kukaa wazi muda mrefu kuliko za wenzake.

Jua limeshuka wanapofungua maji. Springla zinakohoa, zinatema tope, zinanyamaza kana kwamba zimebadili mawazo, kisha zinainuka zote.

"Yamefika ukutani?" anaita mzee kutoka kwenye koki.

Mkewe amesimama pale pale ukutani, hakuondoka.

"Yamefika mpaka kwenye nguo za ndani!"

Mkunga anacheka hadi anashika nguzo ya baraza. Mzee anacheka pia, kisha anakaa chini kwenye udongo uliochimbuliwa, na kwa muda anaonekana hawezi kuinuka.

Nyasi hazina haraka. Majuma kadhaa yamepita, na ukanda ule umerudi kijani karibu wote, isipokuwa kipande kidogo kwenye pembe ambacho bado kinasuasua. Mkunga hajaita mtu mwingine. Asubuhi hulala kwenye nyasi zake chali, mikono tumboni.

"Kulala ni rahisi," anasema. "Kuinuka ndiyo uzazi wenyewe. Lakini fundi wangu ni hawa hawa. Mguu wa yule mama hauongopi, ukiupeleka kwa wakati wake."

Maneno hayo ameyasema kwa wastaafu wenzake pia. Juzi mmoja wao, nesi wa zamani mwenye uwanja kwenye mteremko, alipiga simu. Pekupeku akapokea, akasalimia, akajitambulisha. Upande wa pili wakauliza kama wanaweza kuzungumza na yule mama anayetembea.

"Nikampa simu," anasema mzee. "Iliniuma kidogo. Ila haikuuma miguuni."

Mkewe alimwuliza nesi swali moja kabla ya kukubali: asubuhi kivuli kinaangukia wapi, na mchana kinakwenda wapi. Wamepangiwa kwenda. Ameshawaambia wenye nguo kwamba siku hiyo hakuna pasi.

Pekupeku hana mpango mkubwa wa kusimulia. Hataki gari wala kibao cha matangazo. Anataka vidole vilivyobaki vibaki, na anataka kuyatoa kwa mdomo yale yote yaliyokuwa miguuni, kabla hayajapotea. Anasema habari ya mjomba na mizunguko miwili imemtia hofu. Ni mangapi mengine anayoyafanya akidhani ni ya kushusha chakula?

Kwa hiyo jioni, wakishakula, hukaa mlangoni na kumweleza mkewe udongo mmoja mmoja. Anaeleza kwa shida, kwa kuwa hajawahi kuyasema kwa maneno. Hutafuta neno, huliacha, huchukua jingine. Mkewe amekubali kusikiliza. Sharti lake ni moja.

"Aseme yote, simkatazi," anasema. "Ila aseme nikiwa nimekaa."

Jioni hii amekaa, mgongo kwenye fremu ya mlango, miguu ameinyoosha juu ya kigoda. Mzee anaeleza mteremko: maji hukimbilia chini, kwa hiyo juu panywe mara nyingi kidogo kidogo, na chini pachelewe. Anahamia kwenye kichanga. Anaeleza kichanga kwa utulivu, kwa mikono miwili, mpaka anafika mwisho na kuanza mfinyanzi. Mkewe anafungua macho, anainua kidole.

"Baba, rudia hapo pa kichanga," anasema. "Hapo nililala."